Mfugaji Analipa, Daktari Ndiye Haendi

Kijana anayesomea udaktari wa mifugo huimbiwa wimbo mmoja miaka yote mitano ya masomo yake: kijijini hakuna maisha, mfugaji halipi. Anausikia kwa wajomba, kwa marafiki na kwa waliomtangulia. Akihitimu anatafuta duka la dawa mjini, mbwa wa Masaki jijini Dar es Salaam, au ajira ya serikali ambayo huenda isije. Maneno hayo si ya kweli, na kila anayeyarudia anawaibia wawili: kijana kazi yake, na mfugaji ng'ombe wake.

Mfugaji analipa. Siku ya mnada simama karibu na muuza dawa za mifugo uone noti zinavyohesabiwa: dawa ya kupe, dawa ya minyoo, chupa ya OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini), bomba la sindano. Jioni mwenye ng'ombe anachoma mwenyewe, uzito kwa kukisia, ugonjwa kwa kukisia. Kama ni ndigana baridi, OTC inaweza kumwokoa mnyama. Kama ni ndigana kali iliyokwisha kupamba moto, OTC haifui dafu. Tiba yake ni buparvakwoni, tena ikiwahi. Anayejua hupapasa tezi chini ya sikio na mbele ya bega, husikiliza pumzi, kisha hutoa majimaji ya tezi kwa sindano akayapime kwa hadubini. Asipokuwepo, mfugaji hulipa mara mbili: dawa isiyofaa na ng'ombe aliyekufa.

Wanaodai kwamba mfugaji hathamini utaalamu watueleze habari za chanjo ya ndigana kali. Chanjo hiyo ina vijidudu hai, huhifadhiwa katika nitrojeni ya kimiminika, na huchomwa pamoja na OTC ya kukaa muda mrefu mwilini. Ikishayeyushwa haingoji, ni saa chache tu imeharibika. Huwezi kuinunua gulioni ukaitia mfukoni. Hata hivyo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wafugaji wa Kimaasai kaskazini mwa Tanzania wamekuwa wakiilipia ndama wao kwa fedha zao wenyewe, kwa sababu waliona waliochanjwa wanabaki hai. Ndama huvishwa hereni, na mnadani hereni hiyo humpandishia bei. Hao ndio tunaowaita wagumu wa kulipa?

Mtazame pia ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Mguu mmoja wa ndama umetokeza, majirani wameufunga kamba wanavuta kwa nguvu zao zote, na mguu wa pili umekunjika ndani. Daktari hufanya kinyume chao. Anamsukuma ndama arudi ndani pale mama anapopumzika, anaifunika kwato kwa kiganja isichane mji wa mimba, anaunyoosha mguu, ndipo anapovuta. Ng'ombe wa maziwa na ndama wake ndio ada ya shule ya watoto. Mwenye boma aliyeona wote wawili wakisimama hana sababu ya kubishania malipo.

Ugumu upo. Pikipiki inakula mafuta, maboma yametawanyika, na mwenye mbuzi watatu hawezi peke yake kumleta daktari kutoka mbali. Lakini dawa ya ugumu huo ni mpangilio. Huko Githunguri, Kiambu nchini Kenya, mwanachama wa ushirika hupata huduma kama uhimilishaji, kisha gharama hukatwa kwenye malipo ya maziwa yake. Wasiouza maziwa wanaweza kuchanga kwa kikundi: daktari aje siku iliyopangwa, achanje, apime mimba, akague josho. Anayeitwa mnyama akiwa anakata roho atapata shida kulipwa popote duniani. Anayezuia kifo ana mteja wa kudumu.

Basi benki zinazokopesha trekta zikopeshe pia pikipiki na friji ya sola ya kutunzia chanjo zisizohitaji nitrojeni. Halmashauri ziache kufumbia macho wanaouza dawa za mifugo juani kama karanga. Nanyi wahitimu, acheni kurithi hofu za watu ambao hawajawahi kukanyaga bomani. Fedha za mfugaji zinatoka kila wiki na zinaishia kwa muuza chupa. Nendeni mkazipate kwa kazi mliyosomea.