Mgeni Aambiwe Kilichomo Chunguni

Kuna uongo mmoja wa jikoni ambao nimeusikia tangu ujana wangu, na mpaka leo, nikiwa mzee wa miaka sabini na ushee, bado unasemwa na watu wenye akili timamu. Husemwa kwamba bia ikitiwa katika mchuzi wa nyama na kuchemka, kileo chote huruka na mvuke, na kwa hiyo hakuna haja ya kumwambia mgeni. Niliuamini uongo huo, nikawaambia na wengine, nao ukanipotezea rafiki.

Nianze na chakula chenyewe, maana sina ugomvi nacho. Nilijifunza kukipika nikiwa chuo cha ualimu, kutoka kwa mkufunzi wetu mmoja Mbelgiji. Kwao Flanders, upande wa kaskazini wa Ubelgiji, nyama ya ng'ombe hupikwa kwa bia, nao hukiita chakula hicho stoofvlees. Nyama hukatwa vipande vikubwa, hukaangwa mpaka igeuke rangi ya kahawia, kisha huepuliwa. Katika mafuta yale yale hukaangwa vitunguu vingi, taratibu, mpaka vilegee na kuwa vitamu. Nyama hurudishwa, bia nyeusi humiminwa, na juu yake hutandazwa vipande vya mkate vilivyopakwa haradali. Mkate huo huyeyuka na kuufanya mchuzi uwe mzito. Kwa kuwa bia ina uchungu wake, huongezwa sukari kidogo na siki kidogo. Moto uwe mdogo kwa saa mbili na nusu au tatu, kisha huliwa kwa viazi.

Huku kwetu Njombe, Juni na Julai mtu hulala na soksi, na viazi si shida. Tena kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi maji huchemka kwa nyuzi 93 tu, kwa hiyo nyama ngumu hailainiki kwa haraka. Chakula kinachotaka moto mdogo na watu wasio na haraka kilitufaa sana.

Mwaka 1989, mwishoni mwa Juni, nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, niliwaalika walimu wenzangu nyumbani kabla ya likizo. Mmoja wao, msaidizi wangu, alikuwa Mwislamu, mtu wa sala tano. Nyama nilikuwa nimeinunua kwa mchinjaji wake, nikajiona nimetimiza heshima yote. Habari ya bia sikumwambia. Nilijisemea kwamba imekwisha kuruka. Alikula, akasifu, akaomba kuongezewa. Ndipo mwalimu mmoja kijana akacheka na kusema, "Leo na wewe umeonja bia!" Alinitazama mimi, si yule kijana. Kisha aliweka sahani chini, akatoka nje kwenye baridi, nikamsikia akisukutua kinywa.

Kesho yake nilimfuata nikiwa na maelezo yangu ya mvuke. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu Mkuu, ungeniambia tu, ningekula viazi na maharage, na tungecheka pamoja." Tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja zaidi kabla hajahamishwa. Alinisalimu kwa adabu kila asubuhi, lakini hakula tena nyumbani kwangu.

Sasa tuutazame huo mvuke. Kileo huchemka kwa nyuzi 78 na maji kwa nyuzi 100, ndiyo sababu watu hudhani kileo kitatangulia kuondoka chote. Sivyo. Vikishachanganyika huondoka pamoja, na sehemu ya kileo hubaki nyuma na maji. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha kwamba kileo kikichanganywa katika chakula kinachochemka taratibu, baada ya nusu saa hubaki asilimia 35, baada ya saa moja asilimia 25, baada ya saa mbili asilimia 10, na baada ya saa mbili na nusu asilimia 5. Tufanye hesabu ya darasa la sita. Chupa ya nusu lita yenye kileo asilimia 5 ina mililita 25 za kileo. Mpishi mwenye haraka, aliyechemsha nusu saa, amebakiza karibu mililita 9. Mvumilivu wa saa mbili na nusu amebakiza mililita moja na robo.

Hapo mpinzani wangu atafurahi: mililita moja na robo kwa watu kumi, nani atalewa? Hakuna atakayelewa. Lakini mwenzangu hakuniuliza kama angelewa. Dini yake inamfundisha kwamba kinachokulevya kikiwa kingi, kidogo chake pia ni haramu. Mimi nilimkatia hukumu ya dini yake bila kuniomba, tena kwa hesabu ambayo hata sikuijua. Wapo pia Wakristo walioapa kutogusa kileo, na yupo jirani aliyeacha pombe kwa taabu na anaogopa hata harufu yake. Hawa wote ni wageni wetu.

Wapo watakaosema kwamba asichokijua mtu hakimdhuru. Hiyo ni hoja ya mwizi wa usiku. Wengine watasema nikitangaza nitaharibu karamu. Basi karamu inayoharibiwa na ukweli haikuwa karamu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji afiche. Na kwa wale wanaotaka chungu hiki kipigwe marufuku kabisa, nawajibu kwamba anayetaka kula na ale, mradi ameambiwa.

Siku hizi nikialika watu wakati wa baridi, napika vyungu viwili. Kimoja kina bia. Cha pili natia supu ya mifupa, sukari iliyounguzwa kidogo mpaka iwe kahawia, na siki, na kila chungu kina upawa wake. Kabla ya sala ya chakula nasimama na kusema kilichomo katika kila kimoja. Maneno hayo hayamalizi hata dakika moja. Mwaka 1989 dakika hiyo nilikuwa nayo, nikaitumia kukoroga mchuzi.