Lenzi si mbovu, wauzaji na mafundi wawe wakweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linalowasumbua watu wengi wanaonunua lenzi ndefu za kamera katika maduka ya Kariakoo, hasa sisi wenye kipato kidogo ambao hatuna uwezo wa kununua lenzi ya kampuni ileile iliyotengeneza kamera zetu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja wilayani Kisarawe, na wakati wa likizo hukaa kwa mama mdogo hapa Upanga. Shuleni nasimamia klabu ya Malihai, moja ya zile klabu zilizoanzishwa nchini tangu mwaka 1980 ili watoto wajifunze habari za wanyama na misitu. Watoto wetu wanaishi jirani na msitu wa Kazimzumbwi, lakini picha walizo nazo darasani ni za simba na tembo tu. Ndege wanaowasikia kila asubuhi hawana picha yao hata moja. Ndiyo sababu nilikopa katika chama cha akiba na mikopo, nikanunua kamera ya kisasa isiyo na kioo ndani, na baadaye lenzi ya kuvuta mbali ya kampuni nyingine pamoja na adapta ya kuiunganisha. Mkopo huo nitaulipa kwa miezi 24.

Dukani nilimwonyesha muuzaji kamera yangu na kumwuliza waziwazi kama lenzi ile itajilenga yenyewe nikiifunga kwake. Jibu lake lilikuwa, "Mwalimu, lenzi ni lenzi." Nilipoomba kujaribu, nikaambiwa boksi likifunguliwa nimenunua. Yeye aliifunga lenzi nyingine ya namna hiyohiyo kwenye kamera ya zamani ya dukani, ikalia "ti", akasema nimeona mwenyewe.

Jioni hiyo nilikwenda upande wa Selander, mahali ambapo maji yakipwa ndege wengi hushuka kwenye tope karibu na mikoko. Lenzi ilikwenda mbele ikarudi nyuma, ikaenda tena ikarudi, na ndege wakaruka. Kesho yake fundi wa kwanza wa Kariakoo aliisikiliza sikioni kama daktari, akasema mota imekufa, akataka shilingi 180,000. Wa pili alikwisha kutoa bisibisi kabla sijamaliza maelezo. Niliinyakua lenzi yangu nikaondoka.

Ndugu Mhariri, mota haikuwa imekufa. Wasomaji waniruhusu nieleze, maana hapa ndipo wananchi wanapoliwa fedha zao. Katika kamera za zamani zenye kioo, kioo kile huelekeza sehemu ya mwanga kwenye kifaa cha pembeni kinachopima umbali. Kifaa hicho huiambia lenzi, "nenda pale," nayo hukimbia mara moja na kusimama. Kamera zisizo na kioo hupima kwa sensa ileile inayopiga picha, tena hutoa amri ndogondogo nyingi mfululizo: sogea kidogo, rudi kidogo, simama. Lenzi iliyoundwa kwa ajili ya kamera ya zamani imezoea kukimbia, haikuzoea kunyata.

Lipo na jambo la pili, nalo ni la lugha. Kamera na lenzi husemezana kwa umeme kupitia vile vidoti vya chuma vilivyo mdomoni mwa kamera. Sony iliwapa watengenezaji wengine maelezo ya msingi ya mdomo wa kamera zake mwaka 2011. Canon na Nikon zilipotoka na midomo mipya mwaka 2018 hazikufanya hivyo kwa kila mtu, na mwaka 2022 Canon iliitaka kampuni ya Viltrox iache kuuza lenzi zake za kujilenga za mdomo huo mpya. Ni mwaka 2024 ndipo Sigma na Tamron zilipotangaza lenzi za mdomo huo kwa idhini ya Canon, nazo zilikuwa za kamera zenye sensa ndogo. Kwa hiyo mara nyingi kampuni nyingine hujifunza lugha hiyo kwa kusikiliza tu, kama mtoto anayejifunza Kiswahili kwa kukaa barazani. Kamera mpya ikitoka na maneno mapya, lenzi inabaki kubabaika. Dawa yake ni programu iliyomo ndani ya lenzi, ndani ya adapta na ndani ya kamera, ambayo lazima ifanywe mpya. Bisibisi haifiki huko.

Hata kupata programu hiyo si jambo moja kwa lenzi zote, na ndiyo maana muuzaji anapaswa kujua anachouza. Sigma wana kifaa kidogo cha kuunganisha lenzi na kompyuta tangu mwaka 2013. Tamron nao wana chao, lakini lenzi yao ya kwanza ya milimita 150 hadi 600, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2013, haikipokei; ile ya pili ya mwaka 2016 ndiyo inayokipokea. Lenzi nyingine husahihishwa kupitia kamera yenyewe. Je, ni maduka mangapi ya Kariakoo yanayomweleza mnunuzi tofauti hizi kabla ya kupokea fedha yake?

Yangu ilitengenezwa na kijana mmoja mpiga picha za harusi, jirani ya mama mdogo, akiwa amekaa kwenye ngazi za nyumba. Kwanza aliniuliza kama betri imejaa. Akafuta vidoti kwa kitambaa kikavu safi. Akaangalia swichi ndogo ubavuni mwa lenzi, ambayo huizuia isitafute kitu kilicho karibu. Ikiwekwa kwenye mita 10 na kuendelea, ndege aliye mita 5 hatalengwa hata ungekesha. Halafu akatazama namba za programu, akakuta ya adapta ni ya zamani sana, na ya lenzi pia. Kazi nzima ilichukua chini ya saa moja, na gharama yake ilikuwa bando la intaneti na soda mbili.

Alinifundisha pia namna ya kuipima, nami nawapa wenzangu bure. Usipime saa saba mchana juu ya lami au maji, kwa sababu joto hufanya hewa icheze na kila picha itaonekana kama lenzi inakosea. Pima asubuhi, lenga kibao chenye maandishi makubwa kilicho kama mita 20, tumia alama moja ya katikati badala ya kuiachia kamera ichague, na kasi isipungue sehemu moja ya 1,000 ya sekunde. Sisi tulitumia namba ya gari lililoegeshwa, kisha kunguru wa Upanga, ambao hawana haya na hukaa watazamwe. Ikumbukwe kwamba kwa lenzi ya milimita 600 iliyofunguliwa 6.3, kwenye kamera ya sensa kubwa, kitu kilicho mita 10 huwa na sentimita kama 10 tu zilizo safi mbele na nyuma kwa jumla. Ukilenga bawa, jicho linaweza kuwa limekwisha nje.

Nawaonya wenzangu juu ya mafundi wanaotoza fedha za "kukalibreti" lenzi kwa ajili ya kamera hizi. Kazi hiyo ilikuwa na maana kubwa kwenye kamera za kioo, kwa vile kipimo na picha vilikuwa mahali pawili tofauti. Kamera inayopima kwenye sensa yenyewe haina haja nayo kwa kiasi kikubwa. Tena wasiongeze kile kipande cha kukuza zaidi kwenye lenzi ya 6.3 kisha walalamike kwamba haioni. Ile ya mara 1.4 peke yake huifikisha 9, na mwanga unaobaki ni nusu.

Sisemi kwamba sasa lenzi yangu ni sawa na ya kampuni mama. Ndege akipita kwa kasi bado inachelewa. Hata Sony wenyewe, pamoja na ukarimu wao, kwenye kamera zao za kasi huzizuia lenzi za wengine zisipite picha 15 kwa sekunde. Nimelikubali hilo kwa bei niliyolipa. Lakini kuambiwa "lenzi ni lenzi" na mtu anayejua kwamba si kweli, huo ni ulanguzi wa namna nyingine.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtambua mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa. Tume ya Ushindani nayo imepewa kazi ya kumlinda mlaji tangu sheria yake ya mwaka 2003. Naomba wahusika wapite katika maduka ya kamera Kariakoo na kutaka mambo mawili: mnunuzi aruhusiwe kuijaribu lenzi kwenye kamera yake mwenyewe kabla ya kulipa, na muuzaji aandike kwenye risiti ni kamera ipi aliyosema itafanya nayo kazi. Yangu imeandikwa "lenzi moja" tu, na chini yake, "mali ikiuzwa hairudi".

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kisarawe (kwa sasa Upanga, Dar es Salaam).