Dhahabu ya Waridi na Mizani ya Mahari

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Katika orodha za mahari zinazosomwa mbele ya masheikh siku hizi limeingia neno ambalo bibi zetu hawakulijua: dhahabu ya waridi, au kama vijana wasemavyo, rozi goldi. Upande wa bibi harusi huandika "seti ya waridi, gramu mia moja", upande wa bwana harusi hukubali, fatiha husomwa, na kila mmoja huondoka na picha yake kichwani. Siku ya kuletwa ile seti ndipo maneno yanapoanza. Mama wa bibi harusi huipima kwa kiganja na kusema ni nyepesi. Mama wa bwana harusi hujibu kuwa mwanawe ameleta kile kilichoandikwa. Na kwa kweli huenda wote wawili wakawa wakweli, kwa sababu "waridi" ni jina la rangi. Halisemi kitu chochote juu ya kiasi cha dhahabu kilichomo.

Tuanze na madini yenyewe. Dhahabu safi, ile ya karati 24, ina rangi moja tu aliyoiumba Mola: manjano. Hakuna mgodi wowote duniani unaotoa dhahabu ya waridi. Wekundu huo hutokana na shaba nyekundu, anayoichanganya sonara motoni pamoja na dhahabu, na mara nyingi akatia na fedha kidogo ili kuupoza wekundu wa shaba. Kwa hiyo mtu akikwambia anakuuzia dhahabu ya waridi ya karati 24, ima hajui anachokisema, ima anakijua vizuri sana. Kitu hicho hakipo.

Mafundi hugawanya wekundu huo kwa madaraja. Tuchukue karati 18, ambayo ndiyo inayotumika zaidi kwa vito vya namna hii. Karati 18 maana yake ni sehemu 18 za dhahabu katika 24, yaani asilimia 75. Robo iliyobaki ndiyo inayoamua rangi. Robo yote ikiwa shaba, hutoka dhahabu nyekundu, kali machoni. Shaba ikiwa kiasi cha asilimia 22 na fedha kidogo chini ya asilimia 3, huja ile inayoitwa waridi hasa. Shaba ikipunguzwa hadi asilimia 20 na fedha ikafika 5, rangi hulainika ikawa ya waridi mpevu, ambayo wengine huiita dhahabu ya pinki. Ukiendelea kupunguza shaba na kuongeza fedha mpaka zikalingana, asilimia 12.5 kwa 12.5, unarudi kwenye manjano ya kawaida. Zingatieni hapo: katika aina zote hizo dhahabu haikubadilika, ni ileile robo tatu. Nyekundu iliyokolea haina dhahabu zaidi ya pinki iliyopauka, wala haina pungufu.

Na kinyume chake ni kweli pia. Rangi moja huweza kupatikana kwa karati tofauti kabisa. Ipo dhahabu ya waridi ya karati 14, yenye asilimia 58.5 ya dhahabu, na ipo ya karati 9, yenye asilimia 37.5 tu, ambayo zaidi ya nusu yake si dhahabu. Zikiwekwa juu ya kitambaa cheusi chini ya taa za dukani, macho yangu na yako hayatazipambanua. Wala wekundu peke yake si alama ya uduni: sarafu ya Krugerrand ya Afrika Kusini, iliyoanza kutolewa mwaka 1967, ni ya karati 22 na imechanganywa na shaba tu, ndiyo maana ina wekundu kidogo. Urusi ya karne ya 19 iliipenda dhahabu ya namna hii hata ikaitwa dhahabu ya Kirusi. Hivyo wanaosema kuwa waridi ni "dhahabu bandia" wamekosea sawasawa na wanaosema kuwa ni dhahabu bora. Kinachohukumu ni chapa na mizani.

Chapa ni tarakimu ndogo zinazogongwa ndani ya pete au kwenye kifungo cha mkufu. 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Hapa naomba akina mama wasome taratibu, maana ndipo watu wengi wanapopotezwa. Iko chapa nyingine, 925. Mtu huiona akafurahi, akadhani kuwa 925 ni zaidi ya 916, basi ni dhahabu iliyo safi kuliko ya bibi yake. La. 925 ni chapa ya fedha. Kito chenye rangi ya waridi na chapa ya 925 ni fedha iliyochovywa katika maji ya dhahabu, na ngozi hiyo ya juu huchakaa kwa jasho na kusuguliwa mpaka weupe wa fedha ukachungulia. Si haramu kukiuza wala kukivaa kwa mwanamke, maadamu muuzaji amesema ni nini. Akinyamaza mnunuzi akadhani ni dhahabu, huo ni ughushi, na sote twaijua kauli ya Mtume (s.a.w.) juu ya mwenye kughushi, alipotia mkono wake katika rundo la nafaka sokoni akakuta umajimaji chini.

Sasa turudi kwenye mahari. Gramu mia moja za waridi zikiwa za karati 22 zina takriban gramu 91.7 za dhahabu safi. Zikiwa za karati 18 zina gramu 75. Za karati 14, gramu 58.5. Za karati 9, gramu 37.5. Orodha ni ileile, maneno ni yaleyale, na tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho ni zaidi ya gramu 54. Tena kwa uzani uleule kito cha karati ya chini huonekana kikubwa zaidi, kwa kuwa shaba ni nyepesi kuliko dhahabu kwa zaidi ya mara mbili. Basi hata ukubwa wa bangili usikudanganye. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema kwamba mahari isiyojulikana haisimami kama ilivyotajwa, na mwanamke hurejeshwa kwenye mahari ya mfano wake, yaani ya wanawake walio sawa naye katika jamaa zake. Nani anataka kufika huko wiki ya harusi? Andikeni karati, andikeni gramu au tola, na andikeni kama uzani huo ni pamoja na vito au bila vito, kwani mawe yaliyopachikwa nayo hupimwa. Tola moja ni gramu 11.66, kwa wale ambao hawakuizoea hesabu ya wazee.

Jambo jingine lililoletwa na mtindo huu ni kubadilishana. Binti amerithi bangili za manjano za bibi yake, karati 22, gramu 40. Anaziona za kizamani. Sonara anamwambia: nipe hizo, chukua seti hii ya waridi ya gramu 50, karati 18, tumalizane. Ukipiga hesabu utaona zile 40 zina gramu 36.7 za dhahabu safi na hizi 50 zina 37.5, karibu ziko sawa, na binti huhisi amepata. Lakini Mtume (s.a.w.) ameamrisha dhahabu kwa dhahabu iwe mizani kwa mizani, mkono kwa mkono, na kilichozidi ni riba. Na juu ya dhahabu iliyochanganyika na kitu kingine tuna kisa cha Fadhala bin Ubayd (r.a.), kilichopokewa katika Sahihi Muslim. Siku ya Khaybar alinunua mkufu wa dhahabu na ushanga kwa dinari 12. Alipoutenganisha akakuta dhahabu yake peke yake inazidi dinari 12. Akamweleza Mtume (s.a.w.), naye akamjulisha kuwa usiuzwe mpaka utenganishwe. Shaba iliyomo ndani ya waridi haitenganishiki dukani, na hiyo ndiyo sababu ya Mashafii kulikataa badilishano la namna hii hata kama hesabu inakaribiana.

Njia ya kutokea ni nyepesi, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliifundisha katika tende: uza ulichonacho kwa pesa, kisha kwa pesa hizo nunua unachokitaka. Binti auze bangili kwa shilingi, azipokee mkononi mwake au katika simu yake, kisha awe huru kununua pale au duka la pili. Na anunue kwa malipo ya papo hapo, kwa kuwa wanazuoni wengi wa zama hizi wamezipa pesa za karatasi hukumu ya dhahabu na fedha. Lipo na faida ya kidunia: akishika pesa mkononi ndipo atakapojua bangili za bibi zilithaminiwa kiasi gani.

Kuhusu zaka nitasema kwa ufupi. Kwetu Mashafii, pambo la halali linalovaliwa na mwanamke kwa kiasi cha kawaida halina zaka. Linalowekwa kama akiba lina zaka likifika nisabu, gramu 85, na likapitiwa na mwaka, na kinachohesabiwa ni dhahabu safi iliyomo. Imam Nawawi ameliweka wazi hilo katika Minhaj. Tola 10 za waridi ni gramu 116.6. Zikiwa za karati 18 zina gramu 87.5 za dhahabu safi, zimevuka nisabu, na hutolewa asilimia 2.5. Zikiwa za karati 14 zina kama gramu 68, hazijafika. Ndugu zetu wanaomfuata Imam Abu Hanifa hesabu yao ni nyingine: wao hutoa zaka hata ya pambo linalovaliwa, na dhahabu ikiwa ndiyo nyingi katika mchanganyiko, huuchukua uzani wote. Kila mmoja aulize kwa mwanachuoni wake.

Limebaki swali la mabwana harusi, kwani wapo wanaonunuliwa pete ya waridi ifanane na ya bibi harusi, wakaambiwa "hii si dhahabu, ni waridi". Ni dhahabu. Chapa ikiwa 750, robo tatu ya pete hiyo ni kile ambacho Mtume (s.a.w.) amekiharamisha kwa wanaume wa umma wake na kukihalalisha kwa wanawake wao. Avae ya fedha. Akitaka ifanane na ya mkewe, sonara anaweza kuinakshi kwa ua lilelile.

Wallahu aalam.