"TV imekufa"? Nani aliipima?

Kuna sentensi moja inayonikera kuliko kosa lolote nililowahi kuliona kwenye kompyuta: "Hii TV imekufa, tafuta nyingine." Husemwa kabla kifuniko cha nyuma hakijafunguliwa na kabla mita haijatolewa mkobani. Na kwa kuwa anayesema ana bisibisi mkononi, mwenye TV hunyamaza na kukubali.

Leo sinyamazi.

Kazi yangu ni kuandika programu, na nusu ya kazi hiyo ni kutafuta hitilafu. Programu ikigoma hatusemi "imekufa". Tunauliza: imefika wapi kabla ya kugoma? Sehemu gani bado inafanya kazi? TV ya kichogo, ile nzito yenye mgongo mrefu, hujibu maswali hayo waziwazi. Ugonjwa wake huuandika kwenye kioo. Fundi asiyeusoma hatibu, anabahatisha kwa pesa zako.

Hebu tuifungue, kwa maneno tu. Ndani mna idara nne. Ya kwanza ni ya umeme: inachukua stima ya volti 240, inaigeuza kuwa umeme wa mkondo mmoja wa zaidi ya volti 300, kisha inaishusha hadi volti mia na kitu. Ya pili huvuta mwali kutoka kushoto kwenda kulia mara 15,625 kwa sekunde, na papo hapo transfoma iitwayo flaibaki huzalisha volti zaidi ya 20,000 za tyubu. Ya tatu huushusha mwali huo kutoka juu hadi chini mara 50 kwa sekunde. Ya nne ni ya rangi, kwenye kibao kidogo kilichovaa shingo ya tyubu.

Kila idara ina namna yake ya kulia. Sikiliza:

1. Haiwaki kabisa, hata taa nyekundu hakuna. Anza na soketi, plagi na swichi. Kisha fyuzi. Fyuzi ikiwa nzima, huenda saketi ya umeme inashindwa kuanza, na wa kushukiwa ni rezista ya kuanzishia na kapasita ndogo zilizokaushwa na joto. Fyuzi ikiwa imeungua na kuwa nyeusi, kuna shoti: dayodi, transista ya umeme, au posista inayohudumia koili ya kuondoa sumaku. Fundi makini hufunga balbu ya wati 60, ile ya zamani yenye uzi, katika njia ya stima kabla ya TV. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti bado ipo na hakuna kitu kingine kitakachoungua. Fyuzi haiungui kwa hiari yake. Anayeiziba kwa uzi wa waya amemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi geti wazi. Nyumba huungua hivyo.

2. Taa nyekundu ipo, lakini TV inajaribu kuwaka na kuzima, au inalia tik-tik. Idara ya umeme inajilinda. Mshukiwa wa kwanza ni transista kubwa ya idara ya pili, wa pili ni flaibaki.

3. Mstari mmoja mweupe umelala katikati ya kioo. Hapa ndipo uongo mwingi husemwa. Tyubu ni nzima! Ingekuwa imekufa, huo mstari ungetoka wapi? Umeme upo, volti 20,000 zipo, mwali unakwenda kushoto na kulia. Kilichogoma ni idara ya tatu peke yake: saketi jumuishi yake, umeme unaoilisha, au lehemu iliyopasuka kwenye miguu yake. Zima TV usiiache hivyo, maana mstari huo huunguza kioo kwa ndani.

4. Sauti ipo, picha hakuna. Chungulia shingo ya tyubu kupitia matundu ya kifuniko, taa za chumba zikiwa zimezimwa. Ukiona mwanga mdogo wa rangi ya chungwa, uzi wa tyubu unapata joto, kwa hiyo shida itafutwe kwingine. Usipouona, umeme wa kuupasha haufiki, au uzi wenyewe umekatika.

5. Madoa ya rangi pembeni. Ondoa spika iliyo karibu. TV huondoa sumaku kwenye kioo chake kila inapowashwa baada ya kupoa. Madoa yakibaki, posista ikaguliwe.

6. Picha imesinyaa au pande zake zimejikunja. Kapasita zilizochoka, tena mara nyingi zile za bei ya chapati mbili.

Sasa tuje kwenye kofi. Sote tunamjua mtu anayeipiga TV ubavuni, picha ikarudi, akacheka kwa fahari. Ndugu yangu, hilo kofi halikutibu kitu, ila limekupa ushahidi! TV inayopona kwa kutikiswa ina kiungo kilicholegea au lehemu iliyopasuka. Ni kazi ya dakika chache kwa mwenye jicho na kifaa cha kulehemu. Lakini badala ya kuutumia ushahidi, tunapiga tena kesho, mpaka cheche ziunguze transista.

Jirani yangu mmoja, mama anayeuza chai kibandani, aliambiwa tyubu yake "imeisha". Dalili? Mstari mmoja mweupe katikati. Fundi huyohuyo akajitolea kuinunua kwa bei ya chuma chakavu. Mwingine aliichukua, akalehemu upya miguu mitano, na jioni wateja wakatazama habari kama kawaida. Huyo wa kwanza alijua au hakujua? Akiwa hakujua, asichukue pesa za watu. Akiwa alijua, tuna jina la kazi hiyo, na si ufundi.

Uongo wa aina hii ulishamiri tulipohamia dijitali. Nchi nyingi zilikuwa zimepewa hadi tarehe 17 Juni 2015 chini ya makubaliano ya Geneva ya 2006, na mitambo ya analogi ya Nairobi ilizimwa mapema mwaka huohuo. Vioo vikajaa chenga, na watu wakaambiwa TV zao zimeharibika. Chenga si ugonjwa! Ni TV nzima inayotafuta mawimbi ambayo hayapo. King'amuzi na waya wa njano, nyekundu na nyeupe vilitosha. Waliotupa TV zilizokuwa na matundu hayo walitupa kitu kizima.

Najua mtaniambia: TV bapa zimeshuka bei na hazili stima sana. Kweli. Na tyubu iliyochoka kweli, yenye picha hafifu hata baada ya kupata joto, haifai kugharamiwa, kwa sababu viwanda vikubwa viliacha kuzitengeneza. Hiyo ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, kama WEEE Centre ya Nairobi, isitupwe Dandora. Kioo chake kina risasi, na anayekivunja atoe shaba ni kijana asiye na glavu. Ndiyo maana uamuzi wa kuiua TV usitolewe kwa kubahatisha.

Onyo: sikutumi uifungue. Tyubu na kapasita kubwa hubaki na umeme hata baada ya plagi kutolewa, na umeme huo unaweza kuua. Aliyesomea kazi afungue. Kazi yako wewe ni kuuliza maswali matatu:

- Umepima nini, na mita ilisoma ngapi?
- Kwa nini dalili hii inakuelekeza hapo na si kwingine?
- Kipande cha zamani kiko wapi?

Fundi wa kweli atafurahi kujibu. Wapo wengi Luthuli na mitaani, na hawa wengine wanawaharibia jina. Anayekasirika amekwisha kukujibu. Beba TV yako uende kwa mwingine.