Gari na Nyumba: Kuiongezea Nguvu Datsun 240Z

Mwaka 1971 mashindano ya East African Safari yalipopita katika nchi tatu za Afrika Mashariki, ushindi ulichukuliwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller katika Datsun 240Z. Gari lililowafuata, la Shekhar Mehta na Mike Doughty, lilikuwa 240Z vilevile. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, alirudi na gari la aina hiyo hiyo akiwa na Lofty Drews, akalingana pointi na Harry Källström wa Datsun 1800, na kanuni ya kuwatenganisha ikampa yeye ushindi. Watoto waliosimama kando ya barabara siku zile sasa ni wazee, na baadhi yao, kiinua mgongo kikishapokelewa, huanza kulitafuta gari hilo. Na likishapatikana, haupiti muda mrefu kabla mwenyewe hajatamani kuliongezea nguvu.

Tamaa hiyo si dhambi, lakini ina gharama, na si gharama ya fedha peke yake.

Injini ya 240Z, iitwayo L24, ina silinda sita katika mstari mmoja. Kila silinda ina upana wa milimita 83 na pistoni husafiri milimita 73.7, hivyo ujazo wote ni sentimita za ujazo 2,393. Kwa magari ya Marekani ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 151 katika mizunguko 5,600 kwa dakika. Hesabu hiyo yafaa ipokelewe kwa tahadhari, kwa kuwa enzi hizo injini zilipimwa juu ya meza ya vipimo zikiwa zimevuliwa mizigo yake mingi, na farasi wanaofika kwenye magurudumu ni wachache zaidi. Anayeahidiwa na fundi farasi hamsini wa ziada aulize kwanza wamehesabiwa wapi, gerejini au barabarani.

Askari ajuaye silaha yake haongezi risasi katika bunduki isiyosafishwa, na injini nayo ndivyo ilivyo. Kabla ya kununua kifaa chochote, mgandamizo wa kila silinda hupimwa. Ikiwa silinda moja iko chini ya wenzake kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi, dawa yake ni kufungua injini na kutengeneza ringi au valvu. Nafasi za valvu husawazishwa: injini ikiwa baridi, milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.25 kwa valvu za kutoa moshi. Plagi hutolewa na kutazamwa. Rangi ya kahawia hafifu ni habari njema. Nyeupe ni dalili ya joto kali na mafuta haba. Nyeusi yenye masizi ni dalili ya mafuta kuzidi. Magari mengi yanayodhaniwa kuwa dhaifu huamkia hapo hapo, na mwenyewe akarudi nyumbani na akiba yake mfukoni.

Injini, kwa kweli, ni pampu ya hewa. Anayetaka nguvu zaidi hana budi kuivutisha hewa nyingi zaidi, au kuigandamiza hewa hiyo kwa nguvu zaidi, au kuizungusha injini kwa kasi zaidi, au kuukuza ujazo wake. Kiwandani 240Z ilipewa kabureta mbili zenye pistoni ya kuelea kwa namna ya SU ya Kiingereza. Zile za miaka ya kwanza, zenye vichwa vya mviringo, ni nzuri kuliko sifa zake. Zile za mwaka 1973, zenye vichwa bapa, zilichukiwa kiasi kwamba wenye magari wengi walizing'oa na kurudishia za zamani. Hatua inayotamaniwa zaidi ni kabureta tatu za Weber au za Mikuni, kila moja ikiwa na koo mbili, hivyo kila silinda ikapata koo lake yenyewe. Sauti yake ikifunguka ni ya kumtoa mtu kitini. Lakini kabureta hizo hazifungwi na kuachwa: jeti na vibanio vya hewa huchaguliwa moja baada ya nyingine hadi uwiano ukae sawa. Kwa kemia, sehemu 14.7 za hewa kwa uzito huunguza sehemu moja ya petroli, ilhali nguvu kubwa kabisa hupatikana mafuta yakizidishwa kidogo, karibu 12.5 au 13 kwa moja. Mafuta yakipungua wakati injini inabeba mzigo mzito, joto huzidi, mlipuko huja kabla ya wakati wake kwa kugonga kama nyundo, na pistoni hutoboka.

Kamshafti yenye nundu kubwa zaidi huziacha valvu wazi kwa muda mrefu. Huzaa nguvu juu, huiba nguvu chini. Dereva wa mjini, anayesimama na kuondoka mara mia, atakuta gari lake linatikisika likiwa limesimama na halivuti vizuri hadi mizunguko ipande. Tena katika injini ya L, kamshafti mpya hudai vipande vidogo vilivyo juu ya valvu vibadilishwe kwa unene, ili roka isugue katikati ya uso wake. Fundi asiyelijua jambo hilo huila kamshafti mpya kwa muda mfupi.

Sasa ekzosi, ambako ndiko wengi huanzia kwa sababu ya mlio. Katika L24 mlango wa hewa na mlango wa moshi viko upande mmoja wa injini. Manifoldi ya chuma cha kusubu ya kiwandani ni nzito na inabana, ila ina fadhila mbili: ni kimya, na hukaa na joto lake. Badala yake hufungwa manifoldi ya mabomba marefu. Silinda huwaka kwa mpango wa 1-5-3-6-2-4, yaani moja ya mbele, moja ya nyuma, zikipokezana. Kwa hiyo silinda tatu za mbele zikikusanywa katika bomba moja na tatu za nyuma katika jingine, pigo moja la moshi halimkanyagi mwenzake. Kila pigo likitoka huacha nyuma yake mvuto, na mvuto huo ukifika wakati valvu zote mbili ziko wazi kidogo, huyavuta masalio ya moshi na kuikaribisha hewa mpya. Hiyo ndiyo siri yote. Kwa sababu hiyo bomba pana kupita kiasi ni hasara: moshi hupunguza mwendo, mvuto hulegea, na gari hupoteza nguvu ya kupandia kilima. Kwa gari la barabarani bomba la inchi mbili na nusu latosha. Na kwa kuwa mabomba membamba hutema joto chini kabisa ya kabureta, petroli huchemka ndani yake siku za jua kali. Bamba la kukinga joto lazima liwepo.

Lakini lipo jambo ambalo wauza vifaa hawalisemi, nalo lahusu uhai. 240Z ina mgongo ulioteremka na mlango mkubwa wa nyuma. Gari likienda kasi, nyuma yake pana utupu wa hewa unaozungusha moshi, na moshi huo huingia ndani kupitia mpira uliochakaa wa mlango huo, gasketi za taa za nyuma, na matundu ya nyaya. Kufungua dirisha, ambako kila mtu hudhani ni dawa, aghalabu huzidisha uvutaji. Gari lenye umri wa miaka hamsini, lililofungwa kabureta zinazomwaga mafuta mengi na ekzosi iliyokatwa fupi chini ya bampa, hutia ndani moshi mbaya kuliko lilipotoka kiwandani. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Hushika damu mahali pa oksijeni na kumlegeza mtu kabla hajajua. Dalili zake za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na mke aliyeketi kiti cha pili atadhani ni homa au uchovu wa safari. Aliyepatwa hutolewa nje penye hewa safi mara moja na kufikishwa hospitali, hata akisema amepata nafuu. Mipira yote ya nyuma na gasketi za taa zibadilishwe siku ile ile ekzosi inapobadilishwa, viungo vya bomba vikaguliwe, na mdomo wa bomba utokeze nje ya bampa. Kabureta zisirekebishwe injini ikinguruma ndani ya banda lililofungwa, hasa banda lililoungana na chumba wanacholala watoto.

Kuhusu fedha, njia yenye akili kwa mtu wa mshahara ni kuutafuta ujazo badala ya kasi. Injini ya L28, iliyofungwa katika 280Z kuanzia mwaka 1975, huingia mahali pale pale; ina ujazo wa 2,753, na nguvu yake huanza chini, pasipo kamshafti kali. Mafundi wengine huenda mbali zaidi kwa kutumia krankshafti ya injini ya dizeli ya LD28, inayosafirisha pistoni milimita 83, wakafikia karibu lita 2.9 au zaidi. Injini ya asili, yenye namba inayolingana na hati za gari, haikatwi wala haiuzwi. Hupakwa mafuta, huzibwa matundu na kuhifadhiwa, kwani siku gari litakapouzwa au kurithiwa ndiyo itakayoleta bei.

Gari hilo lina uzito usiofika kilo 1,100, breki za diski mbele na za ngoma nyuma. Breki hizo zilikadiriwa kwa nguvu za kiwandani, na mpira wa mabomba yake una umri wa gari lenyewe. Huko Marekani wengi hufunga mbele kalipa zenye pistoni nne za pikapu ya Toyota ya miaka ya 1980, kifaa ambacho makanika yeyote wa kikosi anakijua kwa macho. Kazi hiyo, pamoja na mabomba mapya ya breki, hufanywa kabla injini mpya haijawashwa kwa mara ya kwanza.