Uhakiki Wenye Jicho Moja: Kuhusu Mwandishi wa Tanzu Nyingi

Uhakiki wa fasihi katika idara zetu una ugonjwa mmoja uliozoeleka hata hautajwi tena: humgawa mwandishi vipande. Mashairi yake huachiwa wataalamu wa ushairi, tamthilia zake wataalamu wa tamthilia, na akiwa amewahi kushika kamera au kipaza sauti, husemwa kwamba huko alikuwa akitafuta riziki tu. Msimamo huu hauna mashiko, na ushahidi wa kuukanusha tunao karibu, pande hizi za Meru na Embu.

Tumchukue Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka. Mwaka wa 1997 alitoa diwani ya Mchezo wa Karata na tamthilia ya Natala. Mwaka wa 2001 akatoa diwani ya Bara Jingine na tamthilia ya Kifo Kisimani. Isitoshe, ni mwanaisimu ambaye tasnifu yake ya uzamifu ilihusu mofofonolojia ya Kitharaka. Hata hivyo, aghalabu Kifo Kisimani huhakikiwa kwa dhamira peke yake: uongozi mbaya, usaliti, maji yaliyonyimwa wanyonge. Ni nadra kumwona mhakiki akiuliza iwapo usemi wa wahusika wake, uliojaa taswira na kukatwa mahali pasipotarajiwa, ni usemi wa mshairi wa mtindo huru aliyepanda jukwaani. Swali hilo haliwezi kuulizwa na msomaji ambaye diwani hajaifungua.

Meja Mwangi naye, aliyezaliwa Nanyuki mwaka wa 1948, ametendewa vibaya zaidi. Kabla ya riwaya zake kujulikana alikuwa fundi wa sauti wa televisheni ya Kifaransa jijini Nairobi. Carcase for Hounds (1974), riwaya ya vita vya Mau Mau katika misitu ya Mlima Kenya, ilizaa filamu ya Ola Balogun wa Nigeria, Cry Freedom, mwaka wa 1981. Baadaye Mwangi akawa miongoni mwa waongozaji wasaidizi wa Out of Africa (1985). Lawama tuliyoizoea darasani ni kwamba wahusika wake ni “wa sinema”. Yaani sinema imegeuzwa tusi! Mtu aliyekula mshahara wa kusikiliza sauti za watu hujifunza jinsi watu wasemavyo, na anayeisoma Going Down River Road (1976) kwa sikio ataona kwamba mazungumzo ndiyo nguzo ya riwaya ile. (Kwamba aliandika kwa Kiingereza si udhuru wa sisi wa Kiswahili kumpa kisogo.)

Penye michezo ndipo ukaidi wetu unapozidi. C.L.R. James wa Trinidad alichapisha riwaya ya Minty Alley mwaka wa 1936. Mwaka huohuo tamthilia yake kuhusu Toussaint Louverture ikachezwa London, Paul Robeson akiwa mhusika mkuu. Tena alikuwa mwandishi wa habari za kriketi wa gazeti la Manchester Guardian, na kazi yake ya 1963, Beyond a Boundary, haieleweki ukiutenga mchezo na fasihi. Huyo tunamfundisha bila haya. Lakini Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka wa 2025 baada ya miongo mingi ya kuutangaza mpira kwa Kiswahili, hatumwoni kuwa fanani. Tunasifu takriri na tanakali za sauti katika ngano ya bibi kijijini. Zikitoka redioni dakika ya tisini, tunaziita kelele.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja wa uzamili alileta pendekezo la kuchunguza utangazaji wa kandanda kama fasihi simulizi. Nilikuwa kwenye jopo. Aliulizwa, kwa kejeli, kama amekosea idara. Nilimtetea, ila si kwa sauti ya kutosha. Akabadilisha mada, akaandika kuhusu maudhui ya ndoa katika riwaya mbili ambazo tayari zilikuwa na tasnifu tele. Alifaulu vizuri sana.