Maalim Seif hakutuuza

Miye mzima, zamu za usiku zinaendelea na joto la Dubai ndilo lile lile. Wiki hii nilitaka kuwaandikia juu ya soko la viungo hapa Al Ras, lakini binamu yangu mmoja (simtaji, mwenyewe anajijua!) kaniletea ujumbe kwamba Maalim Seif Sharif Hamad "alituuza" alipoingia serikalini mwaka 2020. Basi karafuu zisubiri, leo siasa.

Nauliza: alituuza kwa bei gani? Mtoto wa Mtambwe, aliyezaliwa 1943, alikuwa mwalimu, akawa Waziri wa Elimu Zanzibar mwaka 1977, na 1984 Waziri Kiongozi. Angekuwa mtu wa kutafuta ulaji, angenyamaza pale pale alipo akazeeka na gari la serikali. Badala yake 1988 aliondolewa uwaziri kiongozi, akafukuzwa CCM, 1989 akatiwa ndani na hakutoka mpaka Novemba 1991. Mwaka uliofuata akawa miongoni mwa walioanzisha CUF. Akagombea urais wa Zanzibar mara sita. Kwa matokeo yaliyotangazwa, 1995 alipata asilimia 49.8 dhidi ya 50.2 za Salmin Amour. Mtu mwenye bei hangojei miaka yote hiyo.

Jamani, vijana wengi hawakumbuki tulikotoka. Januari 2001 miye nilikuwa mtoto wa skuli. Waandamanaji walipigwa risasi, watu zaidi ya 30 wakafa, wengine wakavuka bahari mpaka Shimoni, Kenya. Na mnakumbuka susio la miaka ile: duka la mtu wa chama kingine hulinunui, harusi yake huendi, maiti yake humziki! Ndugu wa tumbo moja walipitana njiani bila ya salamu. Kidonda cha namna hiyo hakionekani hospitali, lakini kinaua.

Novemba 2009 Maalim alikaa na Rais Amani Karume wakapatana. Julai 2010 tukaulizwa wenyewe kwa kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Oktoba ile alishindwa na Dk. Shein kwa asilimia moja tu, 50.1 kwa 49.1, na hakuna aliyezikwa kwa ajili ya uchaguzi ule. Watu wakarudi kuzikana na kuozana. Hilo si dogo!

Binamu atasema: na 2015 je? Kweli, Oktoba 28 mwaka ule Jecha alifuta uchaguzi mzima, CUF ikasusia ule wa marudio wa Machi 2016, na umoja ukavunjika. 2019 Maalim akahamia ACT-Wazalendo, na watu wake wakamfuata. Uchaguzi wa 2020 ukaja na damu tena, naye akayakataa matokeo. Ndiyo maana Desemba, alipoapa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais chini ya Dk. Hussein Mwinyi, wengi waliumia. Maumivu hayo nayaelewa.

Lakini kiti kile hakikuwa hisani ya mtu. Kiliwekwa katika Katiba ya Zanzibar baada ya kura yetu ya 2010, kwa ajili ya chama kinachoshika nafasi ya pili. Kukikalia si kusema kwamba uchaguzi ulikuwa wa haki. Udhaifu wa maridhiano ulikuwa kwengine: yaliegemea mno nia za wakubwa wawili, na nia ya mtu huondoka naye. Tume ya uchaguzi inayoaminiwa na pande zote ndiyo dawa, na hiyo tuidai. Tusimlaumu mzee kwa kukataa kuzika watoto wengine.

Tena kuna jambo ambalo miye kama muuguzi silisahau. Mwisho wa Januari 2021, wakati serikali ya Muungano haitoi tena takwimu za korona, chama chake kilitangaza wazi kwamba Maalim anaumwa ugonjwa huo. Mgonjwa wa cheo kile angeweza kufichwa. Alifariki Muhimbili Februari 17, akazikwa kwao Mtambwe. Sijui ni wangapi walivaa barakoa kwa sababu ya tangazo lile, lakini naamini wapo.

Binamu, bishana nami utakavyo, ila neno "kuuza" liweke chini. Neno hilo ndilo lililowafanya watu wasizikane.

Wasalimieni wazee wote, na nyinyi mnaotofautiana vyama mle sahani moja. Tukijaaliwa wiki ijayo nawaletea zile karafuu.

Wassalaam, ndugu yenu wa Al Ras.